Zamu ya Bi. Hadija

Tulimzika Zuhura mwanzoni mwa kiangazi, kijijini kwao upande wa Chemba. Nasema tulimzika, ingawa sisi wanawake tulibaki nyumbani, tumekaa kwenye mikeka, wakati wanaume wakiondoka na jeneza kuelekea makaburini, sauti zao zikififia taratibu hadi wakabaki kuku na upepo. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta, macho makavu, akipokea pole za watu kwa Kisandawe na kwa Kiswahili bila kuangalia anamjibu nani. Mimi nilikuwa nimetoka Dodoma mjini alfajiri, baada ya kuomba ruhusa ofisini Mtumba, na sikuwa nimetia kitu tumboni. Bi. Mwanaidi, mwenyeji wetu wa zamani, alifika kutoka kijiji cha Busi jua likiwa limeshapanda, khanga yake imejaa vumbi la safari, akapeana mikono na kila mtu kisha akaja kukaa kando yangu. Halafu akaniinamia sikioni, akauliza, "Debora mwanangu, na ule ufunguo wake sasa itakuwaje?" Mwanamke aliyekaa mbele yetu aligeuka akatutazama. Nadhani alifikiri tunaulizia ufunguo wa chumba cha marehemu na kwamba hatuna haya. Nikamwambia Bi. Mwanaidi tutazungumza. Lakini tangu alipotamka lile neno, mimi sikuwepo tena pale mkekani. Nilikuwa mtaa wa Kikuyu, pale Dodoma mjini, kwenye nyumba yetu ya bati lililokuwa likilia kila jua lilipozidi, mwaka ule tulioandika mkataba wa maji.

Habari za wazazi wangu na nilikozaliwa hazina nafasi hapa. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na Mathayo, aliyetutangulia masomoni, alikuwa amefungua kampuni ndogo kwenye sebule ya nyumba aliyopanga. Mimi na Zuhura tulipewa chumba cha nyuma. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, ndoo ya maji ya kunywa yenye kifuniko cha sinia, na dirisha lililotazama uani, ambako mama mwenye nyumba alikuwa ameotesha mzabibu kwenye kichanja. Mchana kivuli cha majani yake kiliingia hadi kitandani kwa Zuhura, na yeye alipenda kufanyia kazi pale, kompyuta mapajani, akijisomea msimbo wa programu kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari. Alipofika mahali pasipomridhisha alipiga ulimi kwenye kaakaa kama wanavyofanya watu wa lugha yake, mlio mkavu, mfupi. Ukiusikia ujue kuna kosa, na mara nyingi kosa lilikuwa langu.

Kazi yetu ilikuwa kuandika mikataba ya kwenye blokcheni. Miaka hiyo ukilitaja neno hilo watu walidhani unauza pesa za kitapeli za mtandaoni, kwa hiyo Mathayo alijifunza kulieleza kwa ufupi. Ni kumbukumbu inayotunzwa na kompyuta nyingi duniani kwa pamoja, hakuna mmoja anayeweza kuifuta. Na mkataba wetu ni programu inayokaa humo ndani na kutekeleza masharti yake yenyewe, bila hakimu wala karani. Uzuri wake ndio ubaya wake: ukishauweka hewani haubadiliki. Aliyeuandika hana tena mamlaka juu yake kuliko mpita njia. Siku moja, tukiwa tumelala mchana kwa sababu ya joto, tulimsikia mama mwenye nyumba akizungumza na jirani yake chini ya mzabibu. "Wanaandika mikataba ambayo hata wenyewe hawawezi kuivunja," alisema. "Sasa mkataba wa namna hiyo mtu anaandikishana na nani, kama si na wasioonekana?" Mimi nilijifunika uso kwa mto nisicheke. Zuhura alicheka mwanzoni, kisha akabaki anatazama dari. Nilifikiri amesinzia.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kwa tahadhari, na alinifundishia jikoni. Jioni tulipakua makande kwa zamu, na vijana wawili wa nyumba ya pili, marafiki wa Mathayo, walikuwa na tabia ya kuja na sahani. "Ukipakua kwanza halafu ndiyo ukumbuke nani amekula," aliniambia, mwiko mkononi, "mwenye tamaa atazunguka mlango wa nyuma na sahani nyingine kabla hujakumbuka. Kagua, andika, ndipo utoe. Mkataba unaotoa kabla ya kuandika utaibiwa hadi sufuria likauke." Kuhusu wepesi wa mkataba nilifundishwa na Mathayo. Kila hatua ya mkataba ina ada yake, tuliyoiita gesi, na kila unachohifadhi humo unakilipia. Mwanzoni nilikuwa nimeandika sehemu inayopitia wanachama wote mmoja mmoja kutafuta zamu ni ya nani. Mathayo alikuja nyuma ya kiti changu, akasoma, akavuta pumzi. "Debora, leo ni kikundi kidogo. Wakiongezeka, mkataba huu utashindwa kupanda mlima. Usiwapitie watu. Chukua saa, igawanye, saa yenyewe ikuambie zamu ni ya nani." Nikafanya hivyo. Ilikuwa hesabu fupi, safi, isiyohitaji kuhifadhi kitu. Nilijivunia sana. Sikujua kwamba nimeandika kitu ambacho kingeendelea kuita zamu za watu hata kama dunia nzima imeacha kukisikiliza.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha bustani huko Busi. Walikuwa wamechimbiwa kisima chenye pampu ya jua, na chini yake, kwenye mteremko, kila mwanachama alikuwa na kitalu chake cha vitunguu au nyanya. Maji hayakuwa ya kumwaga. Kamati ilipokuwa ikigawa zamu kwa mdomo ugomvi haukuisha, kwa hiyo wakaomba kitu ambacho hakina shemeji wala binamu. Mpango ulikuwa kwamba kisanduku chenye kompyuta ndogo kwenye chumba cha pampu kiuulize mkataba zamu ni ya nani, kisha kifungue koki ya kitalu hicho. Tulikwenda kukutana nao kwenye darasa la shule, tukakaa kwenye madawati ya watoto. Zuhura aliwaeleza kwamba ameweka kipengele cha kumwondoa mwanachama, ili kamati ikikubaliana iweze kumtoa mtu. Hapo ndipo alipoinuka mama mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. Alikuwa Bi. Hadija. Alisimama na mkono mmoja juu ya dawati. "Mdogo wangu alifiwa na mume," alisema. "Matanga hayajaisha, jina lake likakatwa, kitalu kikaenda kwa mwingine. Waliomkata walikuwa na kalamu. Sisi tumewaiteni kwa sababu mlisema hiki kitu hakina kalamu. Sasa mbona mnatuletea kalamu nyingine?"

Bi. Mwanaidi, aliyekuwa katibu wa kikundi, alijaribu kumjibu. Alisema kuna wanaohama, kuna wanaoacha kulima, lazima uwepo utaratibu. Bi. Hadija akasema anayehama atakabidhi zamu yake mwenyewe kwa namba yake ya siri, na asiyekabidhi aachwe. Wanawake wakamuunga mkono, na baadaye hata wanaume. Mathayo alinong'ona kwamba kipengele kikitoka mkataba utakuwa mwepesi zaidi na gesi itapungua. Zuhura aliwatazama wale wanawake, akamtazama Bi. Hadija, kisha akasema, "Mmeamua, nami nakubali. Nitakitoa." Kwenye gari wakati wa kurudi niliona bado anapindua jambo hilo kichwani. "Wana haki," aliniambia nilipomuuliza. "Kila mlango unaouacha wazi kwa ajili ya mtu mwema, mbaya naye ataupitia." Nilikubaliana naye wakati ule. Nikilifikiria leo, bado nakubaliana naye, na hilo ndilo linaloniumiza.

Wiki ya kugawa namba za siri tulilala kwa Bi. Mwanaidi. Alitupikia ugali wa uwele na mlenda, na asubuhi chai ya tangawizi na viazi vitamu. Zuhura aliwaita wanachama mmoja mmoja kwenye kibanda cha pampu, akawafundisha kuchagua namba na kuikariri. "Usimwambie mtu," alikuwa akiwaambia. "Si katibu, si mimi, hata mume." Wanawake walicheka sana kwa hilo la mume. Bi. Hadija ndiye pekee ambaye hakucheka. "Hata Mzee Issa?" aliuliza. "Hata yeye, mama." Akaitikia kwa kichwa polepole, na nikaona uso wake ukifunguka. "Basi hiki kitakuwa changu peke yangu," alisema. Alipotoka nje alisimama kidogo juani, midomo ikicheza, akiikariri.

Mkataba ulikwenda hewani na ulifanya kazi. Msimu huo, mtu aliyekuja Busi kiangazi aliona mteremko wa kijani katikati ya nchi ya kahawia. Bi. Hadija alipenda zamu ya alfajiri, na hesabu ilikuwa imempangia hiyo. Kisha, mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zinaisha, alianguka nyumbani kwake akitwanga, na hakuinuka. Bi. Mwanaidi alitupigia simu kutupa taarifa, tukampa pole. Ilipita miezi, kiangazi kikashika, ndipo alipopiga tena. Safari hii sauti yake ilikuwa tofauti. "Zuhura," alisema, "njooni muone wenyewe. Maji bado yanaenda kwa Hadija."

Tulifika Busi jioni, na alfajiri tukaenda bustanini. Giza lilikuwa linaanza kuchanika. Tulisikia koki ikifunguka, mlio wa chuma, kisha maji yakaanza kutambaa kwenye mfereji wa kitalu ambacho hakuna aliyekuwa amekilima. Mchicha wa mwituni ulikuwa umeota humo hadi kiunoni, umenona, majani yanang'aa umande. Vitalu vya jirani vilikuwa vimeanza kufifia, kwa sababu kisima kilikuwa kimepungua. Wanawake wawili waliokuwa wanasubiri zamu zao na ndoo walisimama mbali kidogo, migongo yao kwetu, na hawakujua tumefika. "Yanamjua," mmoja alisema. "Yanaifahamu njia ya kwake." Mwenzake akasema, "Mimi sivuni humo hata nife njaa." Upande wa pili wa kitalu alikuwa amesimama Mzee Issa, mume wake, kofia mkononi. Bi. Mwanaidi alituambia kwamba huja kila alfajiri ya zamu hiyo. Hafanyi kitu. Husubiri maji yaanze, huyaangalia hadi yakatike, kisha huondoka. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba bila kututazama.

Ndani ya mkataba ule hapakuwa na njia. Zamu ile ingeweza kukabidhiwa kwa namba ya siri ya mwenyewe tu, na mwenyewe hakuwa amemwambia mtu. Zuhura alimuuliza Mzee Issa kwa adabu kama mkewe aliwahi kutamka namba yoyote. "Alisema mlimkataza," mzee alijibu. "Nilimtania mara nyingi aniambie. Alisema amewaahidi." Zuhura alitoka pale akaenda kukaa nyuma ya kibanda cha pampu, na nilipomfuata nilimkuta ameshika kichwa. "Alitutii," alisema. "Debo, alitutii." Nikakaa kando yake.

Kabla hatujapata ufumbuzi, mmoja wa wakulima alichoka. Alichukua spana akaifunga koki ya kitalu cha Bi. Hadija kwa nguvu. Alichokuwa hajui ni kwamba tulikuwa tumejikinga na mtu wa namna hiyo: kisanduku kikiona koki imeguswa kwa mkono, kinafunga mfumo wote mpaka mkataba uthibitishe. Na mkataba ulikuwa unasubiri uthibitisho wa mwenye zamu iliyoguswa, yaani Bi. Hadija. Bustani nzima ikakauka. Ilikuwa wakati vitunguu vinaanza kujaza, wakati vinapohitaji maji kuliko siku zote. Mathayo alituma ujumbe tuweke mkataba mpya haraka, tuhamishe majina, tumalize. Zuhura alikataa haraka hiyo. Tuliandikia sebuleni kwa Bi. Mwanaidi, mchana kutwa, madirisha yamefunguliwa, na mara kwa mara mtu alipita nje akasimama kutusikiliza tukibishana. Niliwasikia wakiambizana kwamba hawa mabinti wanabishana kama mawakili. Zuhura aliusoma kila mstari kwa sauti, akarudia, akanilazimisha nijaribu kuuibia kwa kila hila niliyoijua. Nje vitunguu vilikuwa vinalala chini, na yeye anasoma. Kuna saa nilimchukia.

Mkataba wa pili uliweka wazi mambo ya kifo. Kila mwanachama angetaja mrithi wake mapema. Na kulikuwa na watu watatu wenye namba za mamlaka tulizoziita funguo, Bi. Mwanaidi, Zuhura na mimi, ambapo wawili wakikubaliana wangeweza kumtoa mtu au hata kumbadilisha mmoja wao. Lakini Zuhura alikuwa hajamsahau yule mdogo wa Bi. Hadija aliyekatwa jina. Aliweka muda wa kungoja. Anayetolewa angepewa nafasi ya kupinga kwa namba yake, na akipinga, kila kitu kinasimama. "Aliye hai asizikwe," alisema alipokuwa anawaeleza wanachama. Wakaupokea. Mmoja mmoja wakahamia kwa namba zao wenyewe.

Siku ya kukielekeza kile kisanduku cha pampu kwenye mkataba mpya, Mzee Issa alikuja kibandani. Alikuwa amevaa kanzu safi. Alisimama mlangoni mpaka Zuhura akamwona na kusimama.

"Kwenye huo wa zamani," mzee aliuliza, "jina lake mtalifuta?"

"Hatuwezi, mzee. Hakuna anayeweza."

"Na zamu yake?"

Zuhura alinitazama, kwa sababu hesabu ile ya saa nilikuwa nimeiandika mimi. Nikamwambia itaendelea kuitwa. Kila zamu ikifika mkataba utasema ni yake, ila pampu haitakuwa inausikiliza tena.

Mzee Issa akauliza, "Daima?"

"Daima, mzee."

"Vizuri," alisema. Akaingia ndani, akachagua namba yake, akakichukua kile kitalu kwa jina lake. Mchana huo maji yalirudi. Vitunguu vya waliokuwa karibu na kisima viliokoka. Vya chini mteremkoni vilikufa, na kuna nyumba zilizouza mbuzi mwaka huo kwa ajili hiyo.

Tuliporudi Kikuyu, Zuhura hakuwa yule yule. Alifanya kazi kama kawaida, alipika, alitania. Lakini asubuhi, kabla ya chai, alikuwa akiuuliza mkataba wa zamani zamu ni ya nani, kama mtu mwingine anavyoangalia hali ya hewa. Siku nyingine alifunga kompyuta bila kusema. Siku nyingine alisema, "Leo ni ya Hadija," na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na mimi niliendelea kukata mkate. Nilimwomba aache. Alisema, "Kuna mtu lazima aitikie." Mwaka haukuwa umeisha Mathayo alipofunga kampuni akaenda Dar es Salaam. Mama mwenye nyumba akatupa zabibu kwenye mfuko kama zawadi ya kuagana. Mimi nikapata ajira serikalini, Zuhura akaenda kufundisha. Tuliandikiana, kisha tukapigiana simu, kisha sikukuu kwa sikukuu. Alipougua hakuniambia. Niliambiwa na mdogo wake.

Baada ya mazishi nilimpeleka Bi. Mwanaidi Busi na nikalala kwake. Alinieleza kile nilichokuwa nakijua tayari: kwamba yeye mwenyewe si kijana, na kwamba tukibaki wawili kisha mmoja wetu naye akaondoka, hakuna atakayeweza kumtoa wala kumwingiza mtu, na kiangazi kimoja yatatokea yale yale. Alikuwa amechagua binti mmoja wa kikundi, Salima, mwenye akili tulivu, ashike nafasi ya Zuhura. Tulikaa mezani baada ya chakula, yeye na simu yake, mimi na yangu. Yeye aliingiza namba yake kwanza, akiwa ameifunika kwa kiganja ili nisione, kama alivyofundishwa. Kisha nikaingiza yangu. Mkataba ukatupokea na kutujibu kwamba muda wa pingamizi umeanza.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilirudi mjini, nikaenda kazini, nikakaa mezani kwangu Mtumba na mafaili yangu, na kila asubuhi, kabla sijavua begi begani, nilifungua mkataba kuangalia kama Zuhura amepinga. Nilijua hawezi. Mimi ndiye niliyemshika mkono mama yake wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini. Lakini ule mkataba alikuwa ameuandika yeye, kwa uangalifu ule wake wote, na ulikuwa umenyamaza kwa heshima ukimngoja aseme. Wenzangu ofisini waliniuliza kama nasubiri habari kutoka nyumbani. Niliwaambia ndiyo. Asubuhi moja mtandao ulisumbua, ukurasa ukachelewa kufunguka, na katika kuchelewa huko nilijikuta nimesimama, mkono mdomoni, naomba nikute amekataa.

Muda ulipokwisha Bi. Mwanaidi alinipigia. Nilitoka nje ya jengo nikasimama mahali pasipo na watu.

"Amesemaje?" aliuliza.

"Hajapinga, mama."

Nilimsikia akihema upande wa pili, na nyuma yake sauti za wanawake bustanini wakiitana. "Basi mpumzishe, mwanangu," alisema.

Nikathibitisha. Mkataba ulikagua, ukaandika, kisha ukamtoa, kwa mpangilio ule ule aliouwekea. Haukugoma popote. Nilitafuta kosa katika mistari yake yote, na sikuliona.